Moja na Moja Ikawa Thelathini na Tatu

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, ingawa nywele zangu sasa zimeanza kuwa nyeupe. Leo watu wa Uvira wananiita mwalimu wa kompyuta, na ni haki yangu. Vijana wanashuka kutoka Bijombo na Mulenge kuja kunisikiliza. Nilitoka hapa na shati moja, nikarudi na diploma ya umeme niliyoilipia kwa mgongo wangu, nikibeba magunia sokoni Kampala. Hakuna mjomba aliyenisaidia. Nasema hivyo ili ujue kwamba anayekuambia habari ya aibu si mtu mdogo.

Mwaka huo niliporudi, kipindupindu kilikuwa kimeshika mtaa wetu wa kando ya ziwa. Akina mama walichota maji ziwani, na kabla hawajapanda nayo nyumbani, Mama Faida, mhudumu wa afya wa mtaa, aliingiza dawa ya klori kwa sindano, mililita tatu kwa kila bidoni, yaani kila dumu la maji. Bidoni moja, sindano moja, kutwa nzima. Mimi nilimtazama nikamwonea huruma. Kazi ya mikono gani hiyo, na mtu wa diploma yuko hapa?

Nilikuwa nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa wiki tatu, peke yangu. Somo la kwanza lilieleza tofauti ya maandishi na namba. Nililiruka. Nilijiambia, mimi sijui namba? Nikaandika programu yangu ya kwanza: unaandika bidoni zilizokuja mara ya kwanza, unaandika zilizokuja mara ya pili, kompyuta inajumlisha, inazidisha kwa tatu na kukuambia dawa kiasi gani. Maji yote yaende katika pipa moja, dawa itiwe mara moja. Mwanzoni Python ilikataa, ikatoa kosa. Nikatafuta dawa ya kosa, nikaona neno int, linalogeuza maandishi kuwa namba. Nikalipachika mwishoni, baada ya kujumlisha, na kosa likanyamaza. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Asubuhi hiyo Mama Faida alikwenda kuchukua klori zaidi kwenye kituo cha afya, akaniachia zamu. Zilikuja bidoni mbili, kisha nne. Nikamimina zote katika pipa, nikaandika 2, nikaandika 4. Kompyuta ikasema mililita 72. Nikapima 72, nikatia, nikangoja nusu saa kama inavyotakiwa. Mama Neema, jirani yetu, alichota wa kwanza, maana mtoto wake alikuwa analala bila nguvu tangu jana na alitaka kumtengenezea maji ya sukari na chumvi. Akaondoka mbio.

Mama Faida akarudi. Alinusa pipa.

"Weye, umetia ngapi humu?"

"Sabini na mbili, mama. Ordinateri ndiyo imepiga hesabu."

"Bidoni ngapi?"

"Sita."

"Minye naweka tatu tatu tangu mvua zianze. Sita inafika sabini wapi?"

"Mama, mashine haichoki kama muntu. Minye niko na diploma."

"Diploma ya kuosha matumbo ya bantu! Haya, iulize kitu yenye minye najua. Bidoni moja, na ingine moja."

Niliandika 1, nikaandika 1, nikiwa bado nimevimba. Ikajibu 33.

Mama Faida alipiga makofi. "Moja na moja! Hata mbuzi wangu anajua tatu na tatu ni sita." Kisha kicheko kikakatika. "Nani amekwisha kuchota?"

Mwanangu, sijawahi kukimbia vile. Nilipanda kile kilima na kandambili moja tu mguuni, nikiita jina la Mama Neema. Nilimkuta mlangoni, maji yameshamiminwa katika sufuria, mtoto amelala kwenye mkeka, naye anamgombeza binti yake mkubwa kwa sababu sukari haionekani. Sukari tu ndiyo ilikuwa imemchelewesha. Nikamwaga sufuria, nikamwaga bidoni, nikaketi pale pale kwenye matope nikicheka na kulia. Aliniita mwenda wazimu. Nilikubali kwa moyo wote. Alasiri mtoto alikunywa maji ya sindano ya Mama Faida, na kesho yake aliomba ugali.

Baadaye nilirudi kwenye somo nililoliruka. Unachoandika kwa vidole, Python inakipokea kama maandishi mpaka uiambie ni namba. 2 na 4 ziliunganishwa zikawa 24, mara tatu ni 72; 1 na 1 zikawa 11, mara tatu ni 33; na int yangu ilifika baada ya hesabu kuharibika. Ilitakiwa kukaa juu ya kila moja, kabla ya kujumlisha.

Basi sikiliza. Usiruke somo kwa sababu linaonekana la watoto. Kosa likinyamaza, usidhani limeondoka; uliza kwanza limenyamaza kwa nini. Na kila programu utakayoandika, hata ukiwa na diploma tano, iulize kwanza jambo ambalo jibu lake unalijua. Tena mwite mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mikono, umweke karibu, na akisema hapana, simama.

Mungu akupe akili nyepesi na moyo usiovimba, na makosa yako yote yakutane na mtu wa kunusa pipa kabla hayajafika kwenye kikombe cha mtoto.