Maua ya Karatasi Chini ya Dari

Selotepu ikivutwa kutoka kwenye gurudumu lake hutoa sauti ya kuchanika, kraaa, kisha mtu huikata kwa meno na kimya kinarudi. Wengi hawaisikii hata. Mimi nikiisikia, iwe ofisini au dukani, nageuka kumtafuta mtu mrefu.

Mtu huyo ni baba yangu. Nivumilieni niwasimulie habari zake na za sherehe zetu, maana nimezibeba muda mrefu, na kila nikianza kumweleza mtu huwa naishia katikati.

Tulikaa Crescent Town, mashariki mwa Toronto, katika nyumba ya vyumba viwili ghorofa za juu. Lifti yake ilinuka bizari za nchi zote duniani, na kama haikunuka bizari basi ilikuwa imeharibika. Baba aliendesha lori la masafa marefu. Mama aliwahudumia wazee majumbani mwao. Hatukuwa na kitu, lakini mama alikuwa na ugonjwa wa sherehe. Idi zote mbili, siku yangu ya kuzaliwa, siku niliyomaliza juzuu ya kwanza, hata jino langu la mbele lilipong'oka lilipikiwa visheti. "Sherehe ni macho, si mfuko," alikuwa akisema, na mimi niliamini hiyo ni methali ya kale mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Maua alitengeneza kwa tishu za mezani. Unazipanga kadhaa, unazikunja kama kipepeo cha kujipepea, unafunga uzi katikati, kisha unafungua ukurasa mmoja mmoja kwa ncha za vidole. Ukiwa na pupa linachanika. Ncha zake alizichovya katika rangi ya keki, na sebule nzima ikanuka vanila na tishu mbichi. Mimi nilipewa kazi ya minyororo. Tuliikata kutoka kwenye matangazo ya maduka yaliyotupwa mlangoni kila wiki, kwa hiyo katika mapambo yetu ukitazama kwa makini ungeona nusu ya kuku na bei ya viazi.

Kisha ikafika zamu ya baba. Mwenye nyumba alikataza misumari, ndiyo maana ya selotepu. Baba aliikatakata vipande akavibandika kwenye paji la uso na kwenye ndevu zake ili viwe karibu, akawa kama kifurushi kinachongoja posta. Hakuhitaji kiti. Alinyoosha mkono tu, akayapanga maua pale ukuta unapokutana na dari. Mama, ambaye utosi wake uliishia kwenye mfuko wa shati la baba, alisimama katikati ya zulia akitoa amri kama nyapara.

"Kushoto. Siyo huko, Baba Zuhura. Kushoto kwangu!"

"Mwanangu," baba aliniambia, "mama yako ana kushoto zake mwenyewe. Alikuja nazo kwenye begi."

Yote yakishakuwa tayari, kabla wageni hawajafika, tulisimama chini ya maua tukapigwa picha. Picha hiyo ilikuwa ya Bibi, mama yake baba, aliyekuwa Morogoro. Bibi masikio yake yalikuwa yamekufa kwa simu. Shangazi Tatu, dada yake baba aliyeishi naye, ndiye aliyepokea simu zetu na kumwambia kwa sauti ya juu na kwa mikono. Kwa hiyo mazungumzo ya Bibi na mwanawe yalikuwa picha. Tuliziosha kwenye mashine ya duka la dawa, tukampa yeyote aliyekuwa anasafiri kwenda nyumbani.

Bibi naye alikuwa mfupi. Tangu akiwa kijana mdogo, baba ndiye aliyemfungia Bibi chandarua, yeye ndiye aliyemshushia sufuria kutoka juu ya kabati, yeye ndiye aliyetundika mapambo ya Idi sebuleni. Baba hakuitwa Salumu nyumbani kwao, aliitwa "ngazi yangu". Picha yetu ya kwanza ilipomfikia, Shangazi alitupigia akicheka. "Kaka, Mama anasema ameuona mkono wako ukutani." Baba alibaki na simu sikioni, akitabasamu peke yake kama mtu aliyepakwa mafuta kichwani.

Nilikuwa nakaribia miaka tisa baba alipofariki. Moyo ulisimama akiwa ndani ya lori, kwenye maegesho, kabla hajawasha injini. Watu wa msikiti walimzika upesi, katika ardhi ambayo ilibidi ivunjwe kwa mashine kwa sababu ya baridi. Ninayoyakumbuka ni machache: viatu vingi mlangoni, na Mama Furaha, jirani yetu wa Bukavu, akiosha vyombo vyetu huku machozi yakidondokea kwenye povu.

Shangazi Tatu ndiye aliyesema kwanza. Alilia kwenye simu mpaka sauti ikakauka, kisha akasema, "Wifi, Mama asiambiwe." Babu alipokufa, presha ilimlaza Bibi mwezi mzima, na daktari alikuwa ameonya juu ya mshtuko mwingine. Mama akakubali. Alisema wangemwambia akipata nafuu kidogo. Mnajua "akipata nafuu kidogo" inavyoweza kuwa ndefu.

Eda ilipokwisha, mama alitoa pakiti ya tishu kabatini, akaniita mezani.

"Wiki ijayo unazaliwa," alisema. "Tutafanya sherehe."

Nilimwambia kwa Kiingereza, maana sisi watoto ndivyo tulivyojibu, kwamba sitaki sherehe, kwamba baba amekufa.

"Najua kama amekufa," alisema, bila kupandisha sauti. "Bibi yako anangoja picha."

Tukakunja maua. Hakuchovya ncha mara moja tu, alizichovya mara mbili, yakawa mekundu kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Siku ilipofika alivuta kiti cha jikoni mpaka ukutani, akapanda akiwa na selotepu mdomoni. Kiti kiliteleza. Sikuwahi kumsikia mama akianguka, sikujua mtu mfupi anaweza kuanguka kwa kishindo kile. Alikaa chini akishika goti, akaniangalia usoni, na nikaona hofu yake haikuwa ya goti.

"Nikivunjika mimi," alisema, "wewe utabaki na nani?"

Kiti akakirudisha jikoni. Hakupanda tena juu ya kitu chochote, siku hiyo wala miaka iliyofuata. Maua akayabandika pale mkono wake ulipofika akiwa amesimama sakafuni, mstari mmoja ulionyooka vizuri, juu kidogo ya utosi wake. Mimi niliuona mzuri. Juu yake ukuta ulibaki mtupu.

Kisha akaanza kumpanga baba. Koti lake la kazini akalivisha mgongo wa kiti. Viatu vyake vikubwa akavisogeza mpaka ukingoni mwa zulia, viingie nusu kwenye picha. Kikombe chake, chai ndani, pembeni mwa keki. Mama Furaha aliitwa kushika kamera, na Bibi angeambiwa kwamba aliyeishika ni baba mwenyewe. Mama Furaha alitazama koti, akatazama viatu, akashusha kamera.

"Mama Zuhura, juu ya nini unamuficha? Ule ni mama yake. Mutoto ni wake."

"Atakufa, Mama Furaha."

"Na weye je? Weye unaishi?"

Mama alinivuta karibu naye. Alinipanga nywele, akainama sikioni kwangu. "Cheka, mwanangu. Cheka kama vile baba yako anakudanganya."

Nilicheka. Picha hiyo ipo, na mtu asiyejua akiiona husema, mtoto gani huyu mwenye furaha. Mimi siwezi kuitazama zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Mapambo hayo yakawa desturi yetu. Kila Idi, kila mwezi wangu wa kuzaliwa, tulikunja maua, tukaweka koti, tukaweka viatu. Shangazi akipiga simu, mama aliuliza, "Bibi hajambo?" na Shangazi, Bibi akiwa ameketi pembeni yake, akauliza, "Na Baba Zuhura?" na mama, akigeukia dirishani, alijibu, "Hajambo. Yuko njiani, magharibi huko. Barafu tu ndiyo inamchelewesha." Nilizoea kumsikia akisema hivyo. Nilipofika umri wa kukasirika, nilikasirika. Nilimwona mwongo, na sherehe zetu nikaziona maigizo ya aibu, nikawa nakunja maua kwa pupa makusudi ili yachanike. Mama aliyaokota akayafunga upya.

Turudi nyuma kidogo: Idi ya kwanza baada ya ile picha ya koti ilipokaribia, msafiri alituletea kifurushi kutoka Morogoro. Miaka yote Bibi alikuwa akimtumia baba kofia ya kufuma. Safari hii hakukuwa na kofia. Kulikuwa na doti ya khanga ya mama, yenye maneno: Subira ni ufunguo wa faraja. Mama alifurahi kama mtoto. Alisema, masikini, ananionea huruma kwa vile mume hakai nyumbani. Kipande kimoja akakitandaza ukutani nyuma ya maua, tukapiga picha mbele yake, tukaipeleka.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Hatukuwahi kumwambia. Nauli ilipopatikana, mwaka uliofuata, mimi na mama tulikwenda Morogoro kusoma dua kaburini, kisha Shangazi Tatu akatufungulia chumba cha Bibi ambacho hakikuguswa.

Juu ya kitanda, ukutani, zilibandikwa picha zetu zote, zimefuatana kwa miaka. Mimi nilikuwa nazijua moja moja. Sikuwahi kuziona zote pamoja. Katika za mwanzo maua yalipita juu kabisa, yakigusa dari, na vichwa vyetu viko mbali chini. Halafu picha moja, ya keki yangu ya miaka tisa, maua yameshuka karibu yaguse vichwa vyetu. Na baada ya hapo hayakupanda tena.

Shangazi alikuwa akilia hata kabla hatujamuuliza. "Hii ilipofika," alisema, akigusa ile ya koti, "nilimpa huku nacheka. Akaishika muda mrefu. Akaniuliza, 'Tatu, nani kapamba?' Nikamwambia, Kaka, nani mwingine? Akasema, 'Salumu hawezi kutundika maua pale. Mkono wake haushuki hivyo akiwa mzima.' Nikashindwa kujizuia. Akajua."

"Akaugua?" mama aliuliza.

"Hakuugua. Alisoma Yasini, akapika uji akawapa watoto wa jirani, basi. Halafu akaniapisha. 'Asha asiambiwe kama najua. Hana ndugu kule. Akiacha kupamba atakaa na nani? Mwacheni apambe.'"

Asha ni mama yangu. Alikaa kwenye kitanda cha Bibi, akanyoosha kiganja akakipima juu ya picha ile, kutoka kwenye maua mpaka dari. "Nimeweka koti," alisema. "Nimeweka viatu. Chai nimemimina, Tatu, chai ya moto. Kumbe ni maua." Kisha akalia kilio ambacho sikukisikia siku ya maziko, cha sauti, cha kupiga magoti, na Shangazi akamfuata chini, na majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mpya.

Nilipokuwa mdogo nilidhani mama anamdanganya Bibi ili Bibi aishi. Sasa najua kwamba lile jibu la dirishani, "Hajambo, yuko njiani," lilikuwa mahali pekee palipobaki duniani ambapo mume wake alikuwa bado hajafa. Na Bibi, aliyejua, aliendelea kumtuma Shangazi aulize hali ya mwanawe aliyezikwa, mwaka baada ya mwaka, ili mkwewe apate wa kumtajia jina la mumewe. Kwetu msiba ni wa watu. Hata adui huja kukaa mkekani. Wale wawili waliompenda mtu mmoja kuliko wote walihurumiana mpaka wakanyimana kilio, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko hata kifo chenyewe.

Jumamosi iliyopita mwanangu alitimiza miaka mitano. Tunaishi Mississauga sasa, tuna banda la gari, na ndani ya banda tuna ngazi. Mume wangu aliisimamisha sebuleni, akapanda na maua ya tishu mkononi mpaka chini ya dari. Mama alikuwa kwenye kochi na goti lake, akifungua la mwisho ukurasa kwa ukurasa.

"Shuka, baba," alimwambia mkwewe. "Usiyaweke huko. Huko ni kwa mwenyewe."

Akainuka kwa shida, akaenda ukutani, akanyoosha mkono wake hadi ulipofika. Umepungua siku hizi, haufiki hata pale pa zamani. Nilikuwa jikoni namimina sharubati niliposikia selotepu ikivutwa. Niligeuka, kama ilivyo kawaida yangu, na kwa mara ya kwanza maishani aliyekuwa pale ndiye niliyekuwa namtafuta.