Picha ya Daraja

Mama alifariki alfajiri, katika hospitali ya mji mdogo wa Ujerumani wenye mto na daraja la mawe. Nilimpigia kaka yangu Muscat. Alilia, kisha akatoa amri, kama kawaida yake.

"Bibi asijue mpaka ufike na maiti. Mwambie amelala, khalas."

Sikubishana. Kwetu msiba hausemwi kwa simu, seuze msiba wa mwana kuambiwa mamake mzazi, ajuza ambaye moyo wake unakwenda kwa vidonge. Bibi alikuwa nyumbani kwetu Muscat, mtaa wa Khuwair ya Kusini, akingoja picha yake ya asubuhi. Kwa wiki tano nilimpelekea moja kila siku: dirisha la wodi, sahani ya viazi ambavyo mama hakuvigusa, mkono wa mama umeshika tasbihi. Bibi si mtu wa kuridhika na maneno, hutaka kuona.

Karani wa hospitali aliniambia karatasi zitakuwa tayari alasiri. Wanawake wa msikiti wa Waturuki, waliokubali kuja kumwosha, wangetoka kazini saa tisa. Kumbe hata kufa kuna foleni. Muuguzi akanishauri nikatembee kidogo, nami nikatoka.

Huo mji sikuwa nimeuona hata siku moja, wiki tano zote nilikuwa wodini na mama. Nilipita nyumba za kale zenye mihimili ya mbao iliyokatizana ukutani, madirisha yamejaa maua mekundu. Kengele ya kanisa ililia, nikasimama mpaka ikanyamaza. Kwenye pembe ya nyumba moja karibu na mto walikuwa wamechonga mistari kuonyesha maji yalipofikia kila mto ulipofurika. Mstari mmoja ulinipita kichwa. Niliutazama muda mrefu, na sikuhisi kitu. Nasema hivyo bila ya haya, maana watu hupenda kusikia kwamba ulilia.

Nilinunua mkate nikausahau juu ya ukuta wa mto. Nikavuka daraja, nikarudi, nikavuka tena.

Katikati ya daraja simu ikalia. Ni sauti ya Bibi, ameirikodi. "Mama ako vipi leo? Kala?"

Nikaandika: Amelala, Bibi. Nikaona jibu ni fupi, atauliza jengine. Basi nikapiga picha ya daraja na minara yake miwili, ya mto, na ya mabata, nikampelekea zote. Akajibu, "Mashaallah. Mji mzuri." Hakuuliza tena siku ile, wala kesho yake. Nikajiona hodari wa kusema uwongo.

Tulifika Muscat siku ya tatu. Kaka alikuja kunipokea uwanja wa ndege, akaenda na wanaume kushughulikia jeneza, mimi akanituma nyumbani nikampe Bibi habari. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno ya kuanzia.

Sikuyahitaji. Vijana wa jirani walikuwa wameshayatoa makochi ya ukumbini, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, na birika za kahawa zimepangwa mlangoni. Bibi amekaa peke yake katikati, amejifunika mtandio mweupe, msahafu mapajani. Akanionyesha pahala pa kukaa.

"Nani kakwambia, Bibi?"

"Wewe." Akafunga msahafu. "Wiki tano unaniletea dirisha na mkono wa mwanangu. Siku uloniletea daraja, nikajua. Ungekuwa naye usingekwenda kutembea."

"Mbona hukusema?"

"Nyinyi mlitaka nisijue. Nikakuachieni."

Nikazihesabu siku: tatu. Siku tatu alikuwa amemlilia mwanawe peke yake, kimya kimya, ili sisi tusijue kwamba anajua. Nikavua viatu, nikakaa ubavuni mwake. Hapo ndipo nilipohisi miguu inaniuma, tangu nyayo mpaka magoti, nikaanza kulia.