Siku Tuliyong'oa Vijiti vya Kaa

Ukisikia chuo cha pwani unadhani mchanga mweupe na upepo wa kubembeleza. Thubutu! Chuo chetu, tawi dogo la masomo ya bahari karibu na Nyamisati, kilikuwa na mabweni mawili ya bati, darasa lenye madirisha yasiyofungika, na nyuma yake matope ya mikoko mpaka macho yachoke. Bomba la maji lilikuwa moja. Mwaka wa kwanza nilimpasua mtu mdomo pale bombani kwa sababu aliisukuma ndoo yangu kwa mguu, tena akacheka. Alikuwa mvulana wa Singida, mrefu, mpole kupita kiasi. Hakurudisha ngumi. Alitema damu, akajifuta, akaniuliza, "Umemaliza?" Nikaona haya, na haya ikanitia hasira zaidi. Lakini wiki haikuisha tukawa tunakula sahani moja.

Niseme mapema watu wasije wakanishangaa: mimi ni msichana mwenye hasira za karibu. Baba yangu, Mmatumbi wa Kibiti mjini, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Mama ni Mndengereko wa huku deltani, na kaka yake, mjomba wangu, alikuwa mchokoa kaa, mtu wa kuwatoa kaa mashimoni, katika kijiji kilicho chini ya chuo. Mimi nimekulia Kibiti, kwenye lami na pikipiki. Mikoko niliijua kwa kuiona tu. Ila kila Ijumaa baada ya sala nilishuka kwa mjomba kula wali wa nazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hicho chuo kinakulisha au kinakukausha?"

Alikuwa mtu wa utani, mwenye mikono mipana. Nilisikia aliwahi kumvunja mtu mkono kwa ugomvi wa kaa. Yeye mwenyewe aliisimulia mkekani huku akinichagulia gando nono, na sisi sote tukacheka.

Mwaka wa tatu tukapewa kazi ya fildi: mimi, yule wa Singida, na msichana mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja. Tulitakiwa kuhesabu mashimo ya kaa kwenye kipande cha matope tulichokizungushia kamba. Mhadhiri alituelekeza kwamba shimo likishahesabiwa tulichomeke kijiti mdomoni, tusije tukalirudia. Sawa. Tulipofika tukakuta mashimo mengi yana vijiti tayari, vya mkoko, vimechongwa ncha. Tukadhani ni takataka za wanafunzi waliotutangulia. Vilikuwa vinatuvuruga hesabu. Tukaving'oa vyote, tukavitupa mkondoni, tukachomeka vya kwetu. Yule wa Singida alipiga mluzi muda wote, amefurahi jinsi tulivyopasafisha.

Sasa jambo ambalo kila mtu wa delta analijua, na darasani kwetu hakuna aliyelijua, ni hili. Mchokoa kaa akikuta kaa bado mdogo hamtoi. Anachomeka kijiti, anamwacha anenepe, kisha anarudi maji makubwa ya bamvu yakipwa na kuacha matope wazi. Kijiti maana yake shimo lina mwenyewe. Ukiking'oa umeiba. Ukichomeka cha kwako umeiba na kumtukania mtu mama yake.

Asubuhi iliyofuata bamvu likapwa, wachokoa kaa wakaja. Tulikuwa tumeinama, matope magotini, tukasikia mtu anauliza bila hata salamu, "Vijiti hivi vya nani?"

Yule wa Singida akainuka, akatabasamu. "Vya kwetu, kaka. Vya zamani tumeshavitoa."

Lo! Mtoto wa watu alijibu kama aliyekufagilia uwanja na anangoja ahsante. Mchokoa kaa hufanya kazi na ufito mrefu wenye chuma kilichopinda mwishoni. Hicho chuma kilimpata sikioni kabla hajafunga mdomo. Akapiga magoti kwenye tope, ameshika sikio, damu inapita katikati ya vidole. "Kosa letu nini?" akawa anauliza. "Jamani, kosa letu nini?" Wakampiga teke la uso. Mimi nikainyanyua ndoo ya vipimo nikamtwanga nayo aliyekuwa karibu, nikamtwanga tena, mpaka mshikio ukakatika. Wakanisukuma nikaanguka chali. Mwenzangu wa chumbani alikuwa ameshatoka mbio kuelekea barabarani, anapiga mayowe.

Wakamfunga yule wa Singida kwa kamba yetu wenyewe. Wakamburuta kwenye mizizi ya mikoko mpaka bandarini, shati likabaki njiani vipandevipande. Mimi nyuma, nalia, natukana matusi ambayo hata sasa siwezi kuyaandika.

Kule bandarini mtu mmoja akapaza sauti, "Mwizi!" Basi. Neno hilo likishatoka hakuna anayeuliza kaiba nini. Wapakia boriti wakaziangusha boriti zao wakaja. Abiria waliokuwa wakingoja boti ya Mafia wakatengeneza duara, wengine simu juu wanapiga picha. Nilimwona mwanamume mmoja, kavaa viatu vizuri, akaweka begi lake chini, akaingia, akampiga teke la mbavu, akatoka, akachukua begi lake. Nahisi hata kaa mzima hajawahi kumwona. Mungu anisamehe, mtu yule nikikutana naye leo nitamfuata na jiwe.

Nilikuwa nawavuta watu mashati. "Ni mwanafunzi! Ni mwanafunzi wa chuo!" Mama mmoja muuza mihogo akanishika kiuno, akanivuta pembeni, "Watakuua na wewe, mwanangu, kaa kimya." Nikajichomoa. Yule wa Singida alikuwa amelala ubavu, jicho moja limeshafumba kwa uvimbe, na bado midomo inachezacheza. Nikajua tukichelewa kidogo tu, tunapakia maiti.

Ndipo nikamwona mjomba anakuja kwa hatua ndefu. Nikasema alhamdulillah, tumepona. "Mjomba! Mjomba, huyu—"

Hakunitazama. Mashimo mengi tuliyoyang'olea vijiti yalikuwa ya kwake, walikuwa wameshamwambia. Aliwapangua watu kwa kiwiko apate nafasi ya kuinua ufito, akaushusha kwenye mguu wa yule kijana, chini ya goti. Mfupa ukalia. Niliusikia, na sauti ile hainitoki. Kijana alipiga ukelele mmoja tu.

Nikajitupa juu yake. Sikuwa na akili nyingine. Nikamfunika kichwa kwa kifua changu, mikono nikaizungusha shingoni mwake, na fimbo zikanishukia mgongoni na kwenye vidole.

"Toka, mwanangu!" Sauti ya mjomba. "Toka nimmalize!"

"Nimalize mimi kwanza!"

Akanishika mkono anitoe. Mguu wake ulikuwa mbele ya uso wangu. Nikamng'ata, wallahi, nikamng'ata mjomba wangu muundi mpaka nikaonja damu, tope na chumvi. Akapiga kelele, akanipiga kofi la kisogo, lakini sikuachia. Halafu mtu mwingine, mmoja wa wale wa asubuhi, akashusha chuma chake, kikanipasua juu ya paji. Damu ikafunika macho yote mawili.

Kisha mjomba akanguruma, "Nani kampiga mtoto wa dada yangu?"

Na ufito uleule uliovunja mguu wa rafiki yangu ukageuka, ukampata yule mtu mdomoni. Meno yakatoka. Ndugu za aliyepigwa wakamrukia mjomba, mjomba akawarukia wao, na duara zima likavunjika, wakawa wanapigana wenyewe kwa wenyewe mpaka ndani ya maji, na sisi wawili tukasahauliwa pale chini. Mwenzangu wa chumbani alikuwa amerudi na bodaboda. Tukampakia mshikaki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, mguu wake unaning'inia vibaya kila tukiruka shimo. Alikuwa akinitapikia damu mkononi. Njia nzima hadi Kibiti nilimtukana ili asilale. "Umemaliza?" nilimuuliza kila mara. "Mpumbavu wewe, umemaliza?" Kidole chake kilikuwa kinanifinya.

Alipona. Sikio moja halisikii, mguu umefungwa vyuma, lakini alipona.

Ijumaa baada ya sala mjomba akaja hospitalini. Kavaa kanzu safi, anachechemea kwa meno yangu, jicho lake nalo limevilia. Kabeba kikapu cha mikate ya kumimina na chupa ya chai. Akaketi kitandani, akamega mkate, akamlisha yule kijana kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, akimfuta makombo kidevuni. "Pole, baba. Kula, upate nguvu." Na yule mpole wa Singida, na taya lake lililovimba, akamjibu, "Ahsante, mjomba."

Mimi nilitaka kuangusha ukuta. Nikatoka nje kwenye baraza. Mjomba akanifuata, ameikumbatia chupa kwapani.

"Sasa mwanangu, na wewe una makosa," akasema, kwa upole kabisa. "Ungesema mapema. Ungesema huyu ni mtu wako. Nani angemgusa?"

"Na asingekuwa mtu wangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimekunja ngumi zote mbili na mgongo unaniwaka moto. Lakini hakukasirika, wala hakutazama chini. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa swali rahisi na mtoto anayempenda.

"Basi tungemzika," akasema, akanipa ile chupa nimpelekee mgonjwa kabla chai haijapoa.