Ngozi Iliyozoea Moshi

Kilichoninyima usingizi hakikuwa kukosa kazi. Lilikuwa swali moja: bibi akiipapasa ile ngozi, vidole vyake vitajua?

Ilikuwa vazi la ngozi ya ndama lenye manyoya yake, jeusi, na baka jeupe begani. Mama yake bibi alilivaa kabla kanga hazijazoeleka kwetu, nje kidogo ya Bariadi. Miaka yote lilining'inia katika jiko la nyasi, juu ya mafiga, likila moshi. Pamba ikiisha kuvunwa bibi hulishusha, hulipaka samli, hulianika kivulini mpaka likauke, kisha hulirudisha. Alikuwa ametuusia: siku yake ikifika, afunikwe hilo.

Ndipo wakaja wanunuzi binafsi wa pamba. Baba mdogo aliuza vizuri, akajenga nyumba ya bati, akasema mvua zikiisha jiko la nyasi livunjwe, linatia aibu. Mimi nilikuwa nimerudi na shahada wakati serikali imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Nilitaka nionekane nafaa. Nikalishusha vazi, nikalipaka samli, nikalikunja lingali bichi, nikalifunga ndani ya nailoni na kulitia kwenye sanduku langu la shule pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Kufuli juu.

Mvua zilipoisha nilifungua. Harufu iliyotoka haikuwa ya uozo hasa. Ilikuwa ya mtu aliyefungiwa. Nilipogusa lile baka, manyoya yalibaki kiganjani. Ukungu ulikuwa umefuata mikunjo, na mabega ya mwanamke nisiyewahi kumwona yalikuwa bado yamejichora kwenye ngozi. Nikafunika upesi. Tangu hapo kila nikipita karibu na sanduku niliinamisha kichwa, kama napita mbele ya mama mkwe.

Niliwaza kutafuta ngozi mpya machinjioni. Niliwaza kuwasingizia panya. Nikawaza kwamba bibi haoni tena vizuri, halafu nikawaza kwamba ndiyo sababu vidole vyake vinaona zaidi.

Asubuhi moja nilimkuta anaota jua.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka, mume wangu msomi. Umekuja kuniposa au kuniomba ugali?"

Nikamwekea vazi mapajani. Vidole vilikwenda moja kwa moja begani, vikasimama penye upara.

"Uliliweka wapi?"

"Sandukuni. Kwenye nailoni."

"Wewe ukifungwa kwenye nailoni utapumua?" Hakucheka. "Mama yangu alikuwa anakohoa humo. Mvua yote hii nimemsikia, nikadhani ni uzee wangu."

Mkono wake uliendelea kushuka polepole.

"Mgongoni pangali pazima," alisema. "Lirudishe kwake, kwenye moshi."

Baba mdogo alikuwa ameshabandua nyasi za upande mmoja wa paa la jiko. Nilimwambia aache, mimi nitahamia humo.

"Msomi mzima, kwenye masizi?"

"Ndiyo, baba. Na moto nitauangalia mwenyewe."

Alinitazama, akatupa panga na kuondoka. Nilianika vazi kivulini siku tatu, nikapangusa ukungu kwa kitambaa kikavu, nikaziba paa. Kisha nikalitundika limekunjuliwa, mabega yakielekea mlangoni kama zamani, nikakoka kuni.

Moshi ulipolifikia, hakuna aliyekohoa ila mimi.