Solid ama poly? Nilivyobadilisha mounting za V8 yangu kumhurumia baba mkwe

Wakuu, habari za jioni. Hapa sitaongeza chumvi. Wengine wenu mko Kitengela na hiyo gari mnaijua, kwa hivyo hata nikitaka kudanganya sitafika mbali.

Kuna mkuu aliuliza juzi aweke mounting gani kwenye muscle car yake, yale magari ya Kimarekani ya injini kubwa, solid ama polyurethane (poly). Akajibiwa na watu wengi, kila mmoja na hesabu zake za horsepower. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikaona haitoshi, maana jibu langu mimi liko kwa baba mkwe wangu.

Kwa wageni wa mambo haya: mounting ndizo zinashikilia injini kwenye chasisi. Za kiwandani huwa na mpira katikati ili mtetemo usiwafikie abiria.

Solid ni chuma kitupu. Injini haichezi hata kidogo, nguvu zote zinaenda kwa magurudumu, lakini kila inapopiga unaisikia mpaka kwenye meno. Poly iko katikati, ngumu kuliko mpira, laini kuliko chuma.

Mimi solid sikuzichagua. Gari niliitoa Embulbul, kwa mtu aliyekuwa ameifunika turubai miaka mingi, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Ni ya Kimarekani, injini ya V8, milango miwili, usukani kushoto. Mounting zake zilikuwa zimekwisha kabisa. Ukikanyaga mafuta injini inainuka upande mmoja kama ng'ombe anayeamka.

Spea zake hapa kwetu hakuna. Fundi wangu wa Kitengela, Mutua, akaenda kwa watu wa kukereza chuma akatengenezewa mbili. "Hizi utazikwa nazo," akaniambia.

Basi maisha ya solid yakaanza. Kioo cha ndani kikawa hakionyeshi kitu, magari ya nyuma yote ni ukungu. Screw za dashibodi zikawa zinajifungua zenyewe. Naserian, mke wangu, ana shida ya mgongo tangu mtoto wetu wa kwanza, na alipanda mara moja tu akashuka amekasirika.

"Hii ni posho mill ya kusaga unga umewekea viti," akasema.

Lakini nilikuwa naipenda. Naipenda mpaka leo, na sioni haya kusema.

Sasa mzee. Baba yake Naserian ni mfugaji, anaishi upande wa Mashuuru. Mimi watu wetu walitoka Murang'a, nimekulia Kitengela. Wakati wa mahari nilimpa ng'ombe, na tangu hapo tunaitana Pakiteng', mimi namwita na yeye ananiita, kwa sababu ya huyo ng'ombe.

Wenye mmeoa Umaasaini mnajua mambo ya mkwe. Ni heshima tupu. Humzoei, humuulizi maswali ya ovyo. Unasalimia, unaketi mbali kidogo, unakunywa chai, mnaongea mvua. Halafu masikio yake yakaanza kuzima na hata mvua ikatuishia. Watoto wake walimnunulia kile kifaa cha kusikia akakiweka ndani ya kopo. Analalamika kinamletea mbuzi wote na mama mkwe kwa wakati mmoja.

Siku ya kwanza nilipofika na V8, mzee alitoka nje, akaizunguka, akaingia bila kukaribishwa. Nikampeleka sokoni na kumrudisha. Kwa vile usukani uko kushoto, yeye alikuwa amekaa pale dereva wa Kenya hukaa. Watu wakampungia mkono wakidhani ndiye anaendesha, na yeye akawapungia vizuri tu bila kuwasahihisha. Ikawa desturi, kila nikienda lazima tutoke.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Njia nzima mkono wake ulikuwa umelala juu ya dashibodi, kiganja wazi, macho amefunga nusu. Nikasema huyu mzee anaumia. Anajishikilia. Mifupa ya umri ule na chuma changu, na heshima inamzuia kulalamika kwa mkwe. Mimi nami heshima ikanizuia kumuuliza.

Naserian naye aliona vilevile. "Wewe, utaniulia baba na hiyo kitu. Huoni vile amejishikilia?"

Basi nikaamua poly. Nikaagiza kutoka nje, na nikachagua zile laini kabisa. Mzigo ulichelewa mpaka nikakata tamaa, lakini ukafika na Mutua akazifunga.

Wakuu, ilikuwa raha. Kioo kikaonyesha. Dashibodi ikanyamaza. Naserian alilala kutoka Isinya mpaka Kajiado, mdomo wazi. Sijawahi kujisikia mume mzuri namna hiyo.

Tulifika kwa mzee mchana. Akaingia upande wake, akafunga mlango, akaweka kiganja kwenye dashibodi. Injini inazunguka polepole, mimi nangoja aniashirie twende.

Yeye pia anangoja.

Tukakaa hivyo. Mwishowe akanigeukia. "Pakiteng'," akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, "si uwashe twende."

Gari ilikuwa imewaka, wakuu.

Nikamwonyesha kwa mkono kwamba imewaka. Akaitazama dashibodi, akabonyeza kiganja zaidi, kisha akakiondoa akakiweka kwenye goti. Tulienda sokoni tukarudi na hakumpungia mtu. Aliposhuka akasema, "Sidai, ni nzuri," akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Naserian akamfuata. Wakaongea Kimaa kando ya boma, yeye akimpigia kelele sikioni. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Hakuwa anajishikilia," akaniambia. "Anasema hiyo gari ndio kitu ilikuwa imebaki anasikia. Redio hasikii. Kanisani anakaa tu. Hata mimi hanisikii. Hiyo alikuwa anaisikia na mkono, inapanda mpaka kwa kifua. Anauliza kama imeharibika, lakini hataki kukuaibisha."

Nililia pale pale nimeegemea boneti, na sijali mtu akicheka. Nilikuwa nimetumia pesa na subira yangu yote kumnyang'anya mzee sauti ya mwisho aliyokuwa nayo, halafu nikangoja asante.

Nikamuuliza Naserian, "Sasa mgongo wako je?"

"Mgongo ni yangu. Rudisha chuma ya baba."

Mutua nilipomweleza alicheka kwanza, halafu akaingia chini ya gari.

"Wacha tuweke chuma kushoto, poly ibaki kulia," akasema kutoka huko chini. "Ukikanyaga, injini inainuka upande wa kushoto, hapo ndio inataka kushikwa. Mama watoto wako naye tumhurumie kidogo."

Giaboksi tuliiachia mpira wake. Hilo lichukueni bure: ukifunga kila kitu kwa chuma, chasisi ikijikunja kwenye mashimo, giaboksi ndiyo inapasuka. Mtetemo ulirudi. Si wote, lakini ulirudi. Kioo kikaanza ukungu tena na Naserian akajinunulia mto.

Safari ya kurudi kwa mzee nilikuwa na wasiwasi. Aliingia kwa adabu tu, ile ya kutonivunja moyo. Akaweka kiganja. Nikawasha.

Alishtuka. Kisha akacheka, kicheko cha kijana, akatoa mkono wa pili dirishani akaupiga mlango kwa nje mara kadhaa.

Na huyu mtu ambaye miaka yote ya ndoa yangu tumeongea mvua, akaanza kuongea. Alinieleza habari za lori alilokuwa akiendesha ujanani, akipeleka ng'ombe Nairobi. Kuna fahali alivunja ubao wa nyuma akashuka katikati ya barabara, na yeye akaendelea kuendesha mpaka mbali bila kujua. Aliniambia alivyoachishwa kazi na alivyolilia lile lori kuliko mshahara. Tulifika sokoni, tukapita soko, tukaendelea. Mambo hayo hata Naserian hakuwa ameyajua.

Shida ikawa maswali. "Pakiteng', unasikia?" ananiuliza. Nikijibu kawaida hasikii, na kumpigia mkwe kelele siwezi.

Kwa hivyo nikakanyaga mafuta kidogo. Injini ikapiga, kiganja kikaipata. Akatikisa kichwa, ameridhika, akaendelea na hadithi.

Mpaka leo ndivyo tunaongea. Kusema "ndiyo" ni kanyago moja fupi. Hadithi ikinoga nakanyaga ndefu, na yeye huipenda hiyo sana, naona anazidisha uongo kidogo ili aipate.

Kwa hivyo mkuu uliyeuliza, kwa gari ya kila siku weka poly, ya mashindano weka solid, hapo watu hawakukudanganya. Lakini kabla hujaagiza, muulize anayekaa kiti cha pembeni. Muulize kwa mdomo, hata kama ni mkwe. Mimi nilimhurumia bila kumuuliza na nilikosea kwa moyo safi kabisa.

Wataalamu wa torque karibuni mnisahihishe, sitabishana. Ila mwenye kutaka niweke poly pande zote mbili, twende naye Mashuuru amweleze mzee mwenyewe. Namwachia usukani, ajibu maswali yake kwa mguu.