Nakala Zisizojulikana Zilipo

Mtaani walimwita Mama Kompyuta, jina alilopachikwa na mashemeji zake kwa utani, likamganda. Alikuwa ametengeneza programu ya kukokotoa dozi za watoto: muuguzi anaandika uzito, anachagua dawa, kipimo kinatokea. Aliigawa bure. Ikasambaa kwa flashi, zahanati hadi zahanati, naye akafurahi kama mzazi anayesifiwa mwana.

Kisha wataalamu wakapunguza dozi ya sindano moja ya vichanga, kwa kuwa ikizidi huharibu masikio. Alirekebisha programu mara moja, akawapigia simu wote aliowajua. Wasiojulikana angewapata wapi?

Asubuhi moja simu iliita akiwa anapiga pasi.

"Samahani dada, wewe ndiye mwenye programu ya dozi?" Alikuwa muuguzi wa zahanati asiyoijua kabisa. "Mimi ninayo ile ya zamani, nilipewa na mwenzangu. Nikamchoma mtoto sindano... Dada, mtoto hasikii."

Pasi aliisahau juu ya shati mpaka mumewe alipokuja mbio, amevutwa na harufu ya kuungua.

Mume na mke walikwenda wote wawili hadi nyumbani kwa mtoto. Mama wa mtoto aliwakaribisha mkekani, mwanawe amelala mapajani. Mama Kompyuta alijieleza. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sina la kukwambia, dada. Wala sikutukani. Ila hao wengine wenye hiyo ya zamani, wanajua?"

"Wengine hawajui," alijibu Mama Kompyuta.

Nyumbani aliifungua skripti, yaani maagizo yanayoisakinisha programu, akaongeza ukurasa mmoja. Sasa programu haiingii kwenye kompyuta mpaka uandike namba ya usajili, na namba hupewa zahanati iliyoacha jina na simu. Namba ilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu, na za mwisho alizikokotoa kutokana na zile za mwanzo, ili skripti itambue namba ya uongo hata pasipo mtandao. Ukikosea, kitufe cha Endelea kinabaki kimefifia, hakibonyezeki.

"Watu watasema umeanza kujidai," alisema mumewe. "Jana mlango wazi, leo kufuli."

"Waseme. Mimi nataka kujua ni akina nani."

"Sawa. Na yule mwenye mgonjwa mbele yake, akikosea herufi moja?"

Hilo lilimwingia. Akarudi kwenye skripti, akaifundisha isijali nafasi, vistari wala herufi kubwa na ndogo. Herufi O na sifuri akazitoa kabisa, watu wasije wakazichanganya. Chini ya ukurasa akaweka namba yake ya simu.

Lawama zilikuja, tena za kutosha. Daktari mmoja alimfokea mpaka akachoka mwenyewe. Lakini kila aliyepiga kuomba namba aliulizwa kwanza kama ana nakala ya zamani. Wengi walikuwa nayo.

"Ifute sasa hivi," alikuwa akiwaambia. "Nakusubiri hapahapa kwenye simu."

Nyingine hakuzipata, na alijua kwamba hatazipata. Hilo lilimkaa moyoni, hata mumewe akaacha kumwambia asahau.

Muuguzi yule alikaa muda mrefu bila kurudi kazini. Siku aliporudi, alipiga simu kuomba namba. Mama Kompyuta alimsomea polepole, herufi kwa herufi.

"Imekubali," muuguzi alisema.

Simu zilibaki masikioni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.