Picha za siku moja zinamtoa mdogo wangu chuoni

Admin, naomba unifichie jina, maana mama mkwe ana wajukuu wanaoshinda mtandaoni. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, kwetu Tanga, naishi Birmingham na mume wangu mwaka wa tatu sasa. Sijapigwa, sijafumania mtu. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe una kisa.

Ndoa yetu ilifungwa Tanga mwenzangu akiwa huku, mjomba wake akampokelea nikahi. Nikafika Uingereza mwezi wa pili, baridi ya kung'oa masikio. Siku ya tatu akaniambia, "Vaa, leo nakutembeza mjini." Wallahi nilifurahi. Mpaka hapo nilikuwa nimeuona mtaa wetu wa Lozells peke yake, maduka ya mboga na nyumba zilizobanana, nikajua mji wenyewe uko mbele huko.

Ila akaniambia nibebe mfuko wenye mitandio minne na sweta. Koti jekundu nililovaa tuliliazima kwa mama mmoja wa Kongo tunayeishi naye nyumba moja. Yule mama alinifunga vifungo mwenyewe huku akicheka: "Enda, dada. Ata miye bwana alinipeleka town siku moja. Tulipiga ma-photo mingi!" Nikadhani ananitania.

Tuliposhuka kwenye basi tulianzia uwanja wa jengo la halmashauri. Jamani, majengo! Mawe yametarizwa kama kofia ya bwana harusi. Katikati kuna chemchemi na sanamu kubwa ya mwanamke, hana hata kanga. Mume wangu akanisogeza kushoto, akanisogeza tena. "Huyo asitokee, mama yako atazimia." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Akapiga picha kwa kamera ya filamu, maana mama yangu alitaka za kutia kwenye albamu, kisha akasema, "Haya, kabadilishe mtandio."

Nikabadilisha kwenye choo cha maduka makubwa. Tukapiga nyingine penye sanamu ya fahali wa shaba, nikarudi chooni, nikabadilisha tena. Viatu vilikuwa vipya, vinanitafuna visigino, lakini bibi harusi gani analalamika? Tulipofika kwenye mfereji wenye maboti marefu membamba akaniambia nivue koti nibaki na sweta, na yeye akawa anazunguka kukwepa miti kwa sababu haikuwa na jani hata moja.

"Cheka, mama, usikunje uso. Hii ni ya Julai."

"Kwani Julai hatutakuja?" nikamuuliza, meno yanagongana.

"Filamu ina picha thelathini na sita. Tukizipanga vizuri zitatufikisha mbali. Mimi kesho naingia kazini, shifti mbili. Sijui tena lini."

Hakuwa anatania. Mchana anafungasha mizigo kwenye ghala, jioni anasafisha ofisi, Jumapili analala. Mimi nikapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Tangu siku ile hatujatoka tena kutembea mjini pamoja, hata mara moja. Simlaumu sana, mtu huyu anachoka mpaka anasinzia na kijiko mkononi. Ninayemlaumu ni mimi. Kila mtu aliyesafiri kwenda nyumbani tulimpa picha mbili tatu, na nyuma ya kila picha nikiandika mimi, kwa mwandiko wangu: "Jumamosi, tuko matembezini na bwana." "Leo jua kali, tumekula kando ya mfereji." Mama akazitia kwenye albamu, na albamu ikazunguka mtaa mzima.

Sasa kuna rafiki wa mume wangu hapa hapa Birmingham, ana miaka arobaini na nne, analala chumba kimoja na wenzake wawili. Amemposa mdogo wangu. Mdogo wangu ana miaka ishirini, amebakiza miezi michache amalize chuo cha ualimu. Amekubali mbio mbio. Nikahi ni mwezi ujao, na wiki hii anapeleka barua ya kuacha masomo. Nilipompigia akaniambia, "Dada, mimi sitaki tena kushika chaki. Nataka maisha kama yako, kila wiki mko matembezini."

Nikajikaza. "Mdogo wangu, zile picha zote ni za siku moja."

"Nguo zote zile, dada, siku moja? Na jua lile? Sema tu hutaki nije. Unanionea wivu." Akakata simu. Kumbe kazi tuliifanya vizuri mno.

Nikamwambia mume wangu lazima mama ajue. Hakufoka, hana hata nguvu za kufoka. Akasema, "Ukimwambia, mimi nitaonekana tapeli kwenu na kwetu, na mwenzangu harusi itamvunjikia. Na huyo mdogo wako atazoea. Kwani wewe si umezoea?" Nilivaa viatu nikaenda kazini, na nililia juu ya mashuka ya watu.

Wasomaji, naombeni mawazo yenu, hata ya ukali nitayapokea. Kesho saa nane mchana za huku nakusudia kumpigia mama, mume wangu hana habari. Mama ndiye pekee anayeweza kuizuia ile barua isifike chuoni. Lakini ni yeye huyo aliyejivunia zile picha kwa kila jirani, na nikisema ukweli namwaibisha yeye na mume wangu kwa pamoja, na ndoa yangu sijui itabaki vipi. Nimpigie, au ninyamaze? Mimi nilipokuja huku sikuwa na dada wa kuniambia. Yeye anaye.